Sikio la Fundi Saa

Nyumba ya Fundi Saa haikujua kimya. Chumba cha mbele kilikuwa karakana yake. Saa za ukutani zilijaa kuanzia juu hadi chini, kila moja ikigonga kivyake. Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa dirishani, na makelele yake ndiyo yaliyomwokoa na makelele ya mumewe.

Fundi hakufungua saa kabla ya kuisikiliza. Alikuwa na mpira mwembamba. Ncha moja aliiweka sikioni, nyingine kwenye saa. Akisikiliza kidogo tu alijua ubovu uko wapi. Wateja walimsifu, na sifa zikamvimbisha kichwa.

Basi mkewe aliposhika mimba, Fundi hakungoja kliniki. Kila asubuhi kabla ya chai aliweka mpira ule tumboni mwa mkewe. Siku ya kwanza alisikia du, du, du. Akawatangazia majirani kwamba mtoto anakwenda sawasawa. Mkewe akamwambia kwamba mapigo yale ni yake mwenyewe, yeye mama. Siku ya pili Fundi alisikia ngurumo. Yalikuwa maharage ya jana.

Mke alicheka, lakini moyoni alikuwa na hofu. Mwaka uliopita mimba yao iliharibika. Safari hii alitaka kujua mapema kama mtoto yu hai. Wakaenda kliniki kupiga altrasaundi, ile picha ya ndani ya tumbo.

Mpiga picha wa pale alikuwa mama wa makamo. Watu walimwita Mama Picha. Alimpaka mke jeli ya baridi tumboni, akapitisha kifaa chake taratibu. Kwenye kioo cha mashine kikaonekana kifuko kidogo cheusi.

"Moyo bado siuoni," alisema.

Akawaambia warudi baada ya wiki mbili. Lakini Fundi hakusikia zaidi ya hapo. Kwake yeye, saa isiyogonga ilikuwa imekufa.

Walipofika nyumbani alimpigia simu shangazi yake. Shangazi huyu alikuwa mtu wa kufika kabla simu haijakatwa. Alikuja na chupa ya dawa, nyeusi tititi. Akasema mimba iliyokufa haifai kukaa tumboni. Mke anywe leo leo, asafishike, wajaribu tena. Fundi alikuwa amejikunyata katikati ya saa zake, analia waziwazi.

Mke aliitazama chupa. Kisha akavaa viatu.

"Yule mama alisema haoni," alisema. "Hakusema hakuna. Shangazi, beba chupa yako, twende ukamwonyeshe."

Shangazi hakuzoea kuamrishwa. Hata hivyo alibeba.

Mama Picha aliinusa ile chupa, akapiga chafya mara mbili.

"Shangazi, humu ndani kuna nini?" aliuliza. Shangazi hakujua, aliinunua tu. "Mimi pia sijui. Lakini kama mtoto yu hai, inaweza kumuua. Na mama naye anaweza kutokwa damu hadi afe."

Shangazi akanyamaza. Fundi hakuwahi kuona jambo hilo tangu azaliwe.

Ndipo Mama Picha akawaeleza vizuri. Altrasaundi hutuma tumboni mawimbi ya sauti ambayo masikio yetu hayawezi kuyasikia. Mawimbi hugonga vilivyomo na kurudi, na mashine huyageuza kuwa picha. Mtoto mchanga kiasi hicho huitwa kiinitete, na ni mdogo kuliko punje ya mchele. Moyo wake wa kwanza ni kimrija tu. Mimba ikiwa changa mno, mashine haiwezi kuuona ukipiga, na mpira wa saa ndiyo kabisa hauwezi kuusikia. Tena tarehe za hedhi zikikosewa, mimba huwa changa kuliko mnavyodhani. Hapo mke akakumbuka kwamba hedhi yake huchelewa mara kwa mara.

Fundi alikuwa na swali lake. "Huo moyo, nani anautia ufunguo uanze?"

"Hakuna. Watafiti wamepiga picha viinitete vya panya kwa darubini, moyo unapoanza. Chembe hai chache hujitikisa zenyewe, hii hapa, ile pale. Baadaye zote hushika mwendo mmoja."

"Bila fundi?"

"Bila fundi. Pole sana."

Mke akauliza itakuwaje picha ya pili nayo isipoonyesha moyo. Mama Picha hakumficha. Alisema mimba nyingine haziendelei, na mara nyingi si kosa la mtu yeyote. Lakini hilo hujulikana kwa kupimwa tena, na hakuna dawa ya kunywa kabla ya hapo. Akitokwa damu au akiumwa sana tumbo, asingoje tarehe. Aje mara moja.

Chupa ilibaki kliniki. Wiki mbili zile zilikwenda kwa kujikokota. Mpira ulirudi kwenye saa. Siku moja Fundi alimnyemelea nao mkewe akiwa usingizini, akapigwa kofi mkononi na mtu ambaye hata hakufumbua macho. Shangazi alikuja kila siku, mikono mitupu, kufagia sakafu iliyokwisha kufagiwa.

Siku ilipofika, Fundi alichukua saa yake bora, ile ya kuhesabia sekunde. Alisema atahesabu mwenyewe, asije akadanganywa na mashine. Wote watatu wakajazana kwenye kile chumba kidogo. Mke alifumba macho.

Mama Picha alipitisha kifaa. Ndani ya kifuko palikuwa na punje. Katikati ya punje, kitu kilikuwa kikimetameta upesi upesi.

"Fumbua macho, mama," alisema. "Moyo huo hapo."

Shangazi aliuliza kama mtoto anasikia baridi, maana anatetemeka. Mama Picha akamwambia kwamba mioyo ya watoto wa umri huu hukimbia kuliko yetu, na ndivyo inavyotakiwa.

"Ingekuwa saa, ningesema inakwenda mbele," Fundi alinong'ona.

"Si saa," alisema Mama Picha. "Usiuguse."

Machozi ya mke yalikuwa yakimtiririkia masikioni. Akageuza uso kwa mumewe.

"Haya, umehesabu ngapi?"

Fundi alitazama kiganja chake. Saa ilikuwa bado imesimama. Hakuwa ameibonyeza.

"Nimesahau," alisema. "Nilikuwa namtazama."