Dawa Iliyosukwa Kama Maziwa

Kila kengele ya mwisho ya shule ilipogongwa, Minza hakuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Nyumba ya shangazi yake kule Chemchem ilifungwa mpaka jioni, na funguo alikuwa nazo shangazi mwenyewe. Kwa hiyo alikata mtaa wa Kanyenye, akapita mbele ya maduka ya vitenge na mafundi cherehani, akaenda mpaka chuo cha afya alikofanya kazi shangazi Asnath. Pale alivua viatu mlangoni, akanawa mikono kwa sabuni, kisha akakaa kwenye stuli pembeni ya maabara na kufanya hesabu zake.

Hakuwa mtoto wa maneno mengi. Alikuwa amekuja Tabora baada ya mvua zilizopita, kutoka Ziba, alikozoea kuchunga ndama na kumsaidia mama yake kusuka maziwa kibuyuni mpaka yatoe siagi. Mvua hizo ndizo zilizomchukua mdogo wake, Ngollo. Homa ilimpanda usiku, na asubuhi baba alimpakia kwenye baiskeli kumpeleka zahanati. Alipewa dawa ya malaria, akaitapika. Akapewa tena, akaitapika tena. Baba hakurudi naye akiwa hai. Baada ya msiba baba alisema Minza aende mjini akasome, na tangu hapo nyumba ya Ziba ilikuwa haina mtoto wa kuitwa aje kula.

Kazi ya shangazi ilikuwa ya ajabu kidogo. Mezani kulikuwa na kijibamba cha plastiki angavu, ukubwa wake kama kiberiti. Ndani yake vilipita vijifereji vyembamba kama unywele. Mashine ndogo ilisukuma mabomba mawili ya sindano polepole sana. Bomba moja lilikuwa na maji, na lingine lilikuwa na dawa na mafuta maalumu yaliyoyeyushwa kwenye spiriti. Vimiminika hivyo vilikutana ndani ya kijifereji, vikapinda huku na huku, kisha vikatoka tone kwa tone ndani ya kichupa.

"Shangazi, kwa nini usimimine vyote kwenye bakuli ukoroge?" Minza aliuliza siku moja. "Ungekuwa umeshamaliza."

Shangazi Asnath alicheka. "Ungekuwa bosi wangu tungekoma. Sikiliza. Mafuta yakikutana na maji, yanajikusanya kuwa chembe, na dawa inajificha ndani ya chembe hizo. Nikikoroga kwenye bakuli, nyingine zitakuwa kubwa, nyingine ndogo, kila moja na lake. Humu kwenye kijifereji zinatoka zote sawa, tena ndogo mno. Hata darubini ya shuleni kwenu haizioni."

"Na udogo wake unasaidia nini?"

"Zahanati wanasemaje ukipewa dawa ya malaria? Uinywe na chakula chenye mafuta, au maziwa. Bila mafuta, sehemu kubwa inapita tu tumboni. Sasa mtoto ambaye hata uji haupiti, atakula nini? Tunajaribu kuifunga dawa ndani ya mafuta yake yenyewe, ili matone machache tu yaingie mwilini upesi, kabla hajatapika."

Minza aliinamisha kichwa kwenye daftari lake. Alimjua mtoto ambaye uji haukupita.

Siku iliyofuata joto lilikuwa kali, lile la kabla ya mvua ambalo huwafanya watu wa Tabora wajibizane bila sababu. Shangazi alikuwa ameshinda kutwa akiandaa kichupa kimoja. Mafuta yale maalumu yalikuwa yanaelekea kwisha, na kuyapata mengine ilikuwa kazi. Alikiweka kichupa mezani, akavua glavu.

"Nimeitwa kusimamia mtihani wa wanafunzi," alisema. "Usikiguse, kiache kitulie."

"Sawa, shangazi."

Minza alikitazama. Kile kilichokuwamo ndani hakikuwa cheupe. Kilikuwa na rangi ya maji yaliyosuuzia kibuyu cha maziwa, yanayoelekea bluu kwa mbali. Akamwonea shangazi huruma. Kutwa nzima, halafu hiki ndicho kilichotoka? Kule Ziba, maziwa yakichelewa kutoa siagi, mama humwambia anayesuka kwamba mikono yake ni mivivu. Mafuta yanataka kusukwa. Labda watu wa maabara hawakulijua hilo.

Neno "usikiguse" alilisikia vizuri. Asingeweza kusema hakulisikia. Lakini alikichukua kichupa, akatoka nacho barazani penye jua, akakipakata kama kibuyu na kukisukasuka huku na huku, kwa mwendo uleule wa nyumbani. Povu likapanda. Kimiminika kikawa cheupe kama maziwa hasa, naye akatabasamu peke yake. Kisha akaona vipande vidogo vimenata shingoni mwa kichupa. Vilikuwa vimegandamana kama siagi.

Alikirudisha mezani, akakaa. Hesabu aliyokuwa akiifanya hakuimaliza.

Kesho yake alipoingia, alimkuta shangazi amesimama dirishani, simu sikioni, kichupa mkononi.

"Imeganda, Adriano," alikuwa akimwambia mwenzake wa kazi aliyekuwa chuo kikuu Dar es Salaam. "Mabonge matupu. Nimefuata kila hatua kama tulivyokubaliana. Basi ni mchanganyiko wenyewe haufai. Ndiyo. Waambie wenzetu tuiache njia hii." Alikata simu, akageuka. "Minza, jana baada ya mimi kutoka, kuna mtu aliingia humu?"

"Hapana, shangazi."

"Na wewe hukukigusa?"

"Sikukigusa."

Shangazi aliitikia kwa kichwa. Hakuwa na shaka naye, na hilo ndilo lililomchoma Minza zaidi. Jioni ile ugali uliliwa nusu. Shangazi alisema kichwa kinamuuma, akalala mapema.

Siku iliyofuata shuleni, wakati wa mapumziko, Consolatha, rafiki yake wa dawati moja, alimsukuma begani.

"Mbona umenuna hivyo, kama uliyekalia siafu?"

Minza akamweleza yote. Consolatha alisikiliza huku akimenya chungwa.

"Wewe nawe umezidi. Unasuka dawa? Mngeipaka kwenye mkate hiyo siagi yako." Alipoona Minza hacheki, akashusha sauti. "Nyamaza tu. Nani alikuona? Ukisema utarudishwa Ziba ukachunge ndama. Na wakubwa wenyewe wameshasema dawa haifai. Basi haifai."

"Hawajui kama haifai," Minza alisema taratibu. "Mimi ndiye nimefanya wasijue."

Alipolisema neno hilo kwa mdomo wake mwenyewe, hakuweza tena kulirudisha ndani. Mchana kutwa alifikiria watoto wa kule Ziba ambao mvua zijazo na homa zake zitawakuta. Pengine dawa ingewafaa, pengine isingewafaa. Lakini kwa sababu ya uongo wake hakuna ambaye angehangaika kuijaribu.

Baada ya masomo alimkuta shangazi maabara, anafungua mabomba na kuyapanga kwenye boksi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa, leo tunaondoka mapema."

"Shangazi, kichupa nilikigusa mimi." Hakukaa kwenye stuli. "Nilikitoa juani nikakisuka kama maziwa. Nilidhani nakusaidia. Halafu ulipouliza nikakudanganya."

Shangazi aliweka chini bomba alilolishika. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye stuli, akamtazama kwa muda mrefu, mpaka Minza akatamani apigwe yaishe.

"Nilikwambia usiguse."

"Ndiyo."

"Nimeshinda nikijiona mjinga, Minza. Na Adriano ameshawaambia watu." Akachukua simu, akapiga, akamkabidhi. "Mweleze mwenyewe."

Ilikuwa simu ngumu kuliko zote alizowahi kupiga. Alieleza huku machozi yakimshuka. Upande wa pili Adriano akasema, "Asante kwa kuniambia, binti. Wacha niwapigie wenzetu. Mwambie shangazi yako asifunge boksi."

Mafuta yaliyobaki yalitosha mara moja tu. Shangazi alirudisha mabomba kwenye mashine, na Minza akakaa mbali, mikono kaibana katikati ya magoti. Saa zikapita tone kwa tone. Kesho yake kilichokuwamo kichupani kilikuwa bado na rangi ileile ya maji ya kibuyu, na bonge hata moja halikuonekana. Shangazi alikifunga vizuri ili kipelekwe Dar es Salaam chembe zikapimwe.

"Sasa itafaa?" Minza aliuliza.

"Sijui. Itajaribiwa kwa panya kwanza, kisha watu wazima, na watoto mwisho kabisa. Ni miaka mingi, na huenda ikashindikana njiani." Shangazi alimvuta karibu. "Lakini nataka ulielewe hili. Ungekivunja kichupa ningekasirika, tungefagia vioo, basi. Uongo hatuwezi kuufagia, kwa sababu hatujui umemwagikia wapi. Katika kazi hii kila mtu anaanzia pale mwenzake alipoishia, na anaamini alichoambiwa. Mmoja akidanganya, wote waliobaki wanakosea kwa bidii, na anayeumia ni mtoto aliyelala kitandani ambaye hatumjui. Ukikosea, sema. Sema siku ileile."

"Nitasema, shangazi." Minza alitazama nje dirishani. "Na mvua za mwaka huu?"

"Zitafika kabla ya dawa hii, mwanangu."

Jioni ile mawingu yalijikusanya juu ya Chemchem. Shangazi alishusha chandarua cha kitanda cha Minza na kukitandaza mkekani. Wakakaa wawili, kila mmoja na sindano na uzi, wakaanza kuziba matundu.