Faranga za Bibi Mpya

Tangazo kwa mataifa yote. Mimi, Godlisten, Mshauri Mkuu wa Uchumi, nitawafundisha habari za fedha ya pamoja. Tulieni.

Ofisi yangu ni jikoni kwetu, Thamesmead, Landani. Siku hiyo nilikuwa namenya vitunguu. Ilikuwa adhabu, kwa sababu nilitia chumvi kwenye kopo la sukari.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya bweni. Mama alikuwa anafunga safari. Dada yangu Haika ameolewa Cotonou, nchini Benin, na alikuwa amejifungua mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza wa Mama. Mama angefika kwa ndege hadi Lome, nchini Togo. Kisha angevuka mpaka kwa gari pamoja na mama mkwe wa Haika, anayeishi Lome.

Lakini sasa alikuwa anatoa nguo kwenye begi.

"Siendi," alisema. "Mtoto nitamwona kwenye simu."

Mama anaogopa mipaka. Zamani, pale Namanga, mtu alimbadilishia shilingi za Tanzania kwa za Kenya. Alimpa bunda nono. Katikati yalikuwa magazeti.

Mlango uligongwa. Aliingia Mama Severin, jirani yetu wa ghorofa ya chini. Yeye huuza vitenge, na huvifuata mwenyewe Lome na Cotonou. Alileta kitenge cha kumbebea mtoto.

"Mama Haika, mbona begi linapungua?"

"Shoga, faranga za Togo atanibadilishia nani pale mpakani? Wataniibia tena."

"Hubadilishi kitu. Benin wanatumia faranga hizo hizo."

"Hata shilingi ni jina moja. Kanunue chai Nairobi kwa shilingi ya Tanzania, uone."

"Shilingi ni jina tu. Kila nchi ina benki kuu yake na fedha yake. Kule nchi nane za Afrika Magharibi zina benki kuu moja na faranga moja. Togo imo, Benin imo. Mimi hula maharage Lome, chenji yake nikanunulia ndizi Cotonou. Ndiyo maana wafanyabiashara wanapenda. Hawakatwi kitu kwa kubadilisha."

"Na Ghana?"

"Ghana wana yao, Nigeria wana yao. Kameruni wana faranga, lakini ni nyingine, usiipokee. Na pasipoti usiisahau. Mpaka bado upo. Asiyekuwepo ni yule bwana wako wa Namanga."

Mama alicheka. Akaanza kurudisha nguo. Kitenge alikiweka juu, akakilaza kwa kiganja kama vile mtoto yumo tayari.

"Lakini niliambiwa noti za Togo hugongwa muhuri wa mbuzi mpakani, zikaharibika."

"Muhuri wa mbuzi? Nani kakuambia?"

Mama alinitazama. Mimi nilimenya vitunguu kwa bidii ya ajabu.

Mama aliondoka, nami nikabaki kwa Mama Severin. Baada ya siku chache simu ililia. Kwenye kioo nilimwona Mama, na mtoto amelala mgongoni mwake ndani ya kitenge.

"Godi, nimenunua ndizi Cotonou kwa chenji ya Lome. Mbuzi sijamwona."

"Vizuri, Mama."

"Hayo machozi ni ya vitunguu?"

Mshauri Mkuu wa Uchumi alijifuta pua kwa mkono wa shati.

"Leo simenyi vitunguu, Mama. Yule mbuzi nilimtunga mimi. Likizo yenyewe ni wiki tatu, na nyumbani bila wewe ni bweni tu."