Betri Iliyoanguka Ngazini

Kila jioni, kabla ya chakula, Chiriku na mama yake walikuwa na kazi moja ambayo haikuruhusiwa kufanywa na mtu peke yake. Kazi hiyo ilikuwa kupandisha betri.

Mama alikuwa dereva wa kibajaji cha umeme, kile chembamba cha magurudumu matatu kinachopenya katikati ya magari yaliyokwama bila hata kusema samahani. Uani kwao hapakuwa na soketi. Kwa hiyo betri ilitolewa chini ya kiti cha abiria na kubebwa hadi chumbani kwao, ghorofa ya tatu, ikachajiwe. Ilikuwa nzito kama ndoo iliyojaa maji, na ilikuwa na vishikio viwili. Mama alishika kimoja, Chiriku kingine, wakapanda polepole huku Kibonge, mdogo wake Chiriku, akiwatangulia akipiga honi kwa mdomo.

Chiriku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa kwa sababu ya maneno mengi. Alianza kuongea akiamka na kunyamaza akisinzia. "Huyu hata akila anakisimulia chakula chenyewe," mama alikuwa akisema.

Jioni moja mama alirudi amechoka hoi. "Ngoja nimwogeshe Kibonge kwanza," alisema, "halafu tutaipandisha."

Ngoja! Chini uani wenzake walikuwa wanaruka kamba na zamu yake ilikuwa inakaribia. Chiriku akaona atamshangaza mama. Akaichomoa betri, akaikumbatia, akapanda nayo akihema. Kwenye ghorofa ya pili vidole vikamteleza. Paa! Betri ikadunda ngazi mbili na kutua kwa pembe.

Alipoigeuza aliona ufa chini, mwembamba kama unywele. Akasikiliza. Hakuna aliyetoka kuangalia. Akachukua utepe mweusi wa gundi kwenye kisanduku cha vifaa cha mama, akaubandika juu ya ufa, akaubonyeza vizuri kwa kidole gumba. Kisha akaiunganisha betri na chaja. Taa ya kijani ikawaka kama kawaida, naye akashusha pumzi.

"Umeipandisha peke yako?" mama aliuliza, akimfuta Kibonge masikio.

"Ndiyo, mama. Haikunishinda."

"Na haikugonga popote?"

"Hapana."

Neno lenyewe lilikuwa dogo, nalo lilitoka upesi kuliko alivyotarajia. Mama akamsifu, lakini Chiriku hata kamba hakwenda kuiruka.

Asubuhi chumba kilikuwa na harufu tamu, ya ajabu. Mama alinusa huku na huku. "Nani anapaka rangi ya kucha asubuhi yote hii?"

"Labda jirani," alisema Chiriku, akijifanya anatafuta soksi.

Wakaishusha betri pamoja. Mama akaifungia chini ya kiti, akampakia Kibonge, ambaye bado hakuwa ameanza shule na alishinda na mama kazini, na kibajaji kikaondoka. Kibonge alikuwa anapunga mkono kwenye kiti cha nyuma, miguu ikining'inia palepale juu ya betri. Chiriku alikiangalia mpaka kikapotea.

Darasani aliingia bila salamu. Jirani yake wa dawati, ambaye darasa zima lilimwita Bibi Harusi kwa kupenda kujipamba, akamgusa kiwiko. "Wewe, umemeza nini leo?"

"Kichwa kinauma."

Hakikuwa kichwa. Ilikuwa kila kitu. Taa ilikuwa ya kijani, alijiambia. Ingekuwa imeharibika, kibajaji kisingewaka. Na ufa wenyewe ni mdogo tu. Alijiambia hivyo tena na tena, lakini hakuamini.

Kipindi cha sayansi kilipofika katikati, Bibi Harusi akafungua kichupa chini ya dawati aanze kupaka kucha. Harufu ikampiga Chiriku usoni. Tamu. Ileile.

Papo hapo akamkumbuka fundi, siku aliyowakabidhi kibajaji. "Ikianguka, msiichaji, msiitumie, niiteni," fundi alisema. "Na mkisikia harufu tamu kama ya rangi ya kucha, kaeni mbali. Ndani imeshaharibika, inaweza kulipuka moto." Siku ile mama alikuwa anahesabu pesa za malipo bila kusikiliza vizuri, na Chiriku alicheka na kuuliza kama betri nazo hujipamba. Sasa aliona miguu ya Kibonge ikining'inia.

Kusema mbele ya watu wote hawa? Wangemcheka mpaka mwisho wa mwaka. Na mama je? Mama alimsifu! Lakini kibajaji kilikuwa barabarani, na kila dakika aliyokaa kimya kilizidi kwenda. Akasimama.

"Naam, Chiriku," alisema mwalimu. "Nilikuwa nashangaa, nusu ya kipindi imepita bila sauti yako."

Darasa likacheka.

"Mwalimu, mama yangu ataungua."

Kicheko kikakatika. Chiriku akayamwaga yote: ngazi, ufa, utepe, harufu, na lile "hapana". Mwalimu hakupoteza muda kumgombeza. Alitoa simu akampigia mama. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena.

"Hapokei akiendesha," Chiriku alisema, machozi yakimtoka. "Simu huwa kwenye mkoba."

"Saa hizi yuko wapi?"

"Anampeleka bibi mmoja kliniki, akabadilishwe bandeji ya mguu. Hupita mtaa wa soko."

Mtaa huo ulikuwa nyuma ya shule. Magari makubwa yalikatazwa kuingia. Waliopita ni watembea kwa miguu, mikokoteni na vyombo vidogo vya umeme, na mlinzi aliinua mti wa kizuizi kila chombo kilipofika. Mwalimu akamwachia kiranja darasa, wakatoka mbio hadi kwenye kizuizi na kumuuliza mlinzi.

"Kibajaji cha bluu?" mlinzi alisema. "Sijakiona. Lakini msinitegemee sana, vyenyewe ni vingi, navifungulia bila hata kuvitazama."

Wakasubiri. Kikaja cha kijani, kikaja cha njano, ikaja pikipiki ya umeme imebeba magodoro. Chiriku alichungulia kila kimoja, roho mkononi. Vipi kama kimeshapita? Vipi kama kimekwama kwenye foleni huko, moshi umeanza, na mama anadhani ni vumbi?

Kisha akakiona kile cha bluu, kikija taratibu. Hakumngoja mlinzi. Alipita chini ya mti wa kizuizi, akakimbia akipunga mikono yote miwili.

"Mama, simama! Simama!"

Mama akafunga breki. "We mtoto! Shule umeiacha wapi?"

Nyuma, Kibonge alikuwa amelala mapajani pa bibi mwenye bandeji. Bibi akatabasamu. "Usimkaripie, mwanangu. Mimi leo nina raha zangu. Umeniwekea kiti cha joto, mguu wangu umefurahi."

Chiriku akamshika bibi mkono. "Shukeni! Betri ilianguka, mama. Niliiangusha mimi. Nilikudanganya!"

Mama alimtazama mara moja tu. Akazima ufunguo, akamnyakua Kibonge, mwalimu na mlinzi wakambeba bibi wa watu mzimamzima, naye akilalamikia kiatu chake kilichobaki. Hawakuwa wamefika mbali waliposikia mlio kama wa sufuria linalochemka. Moshi mweupe ukatoka chini ya kiti, kisha moto.

Mama alitaka kurudi, kibajaji ndicho kilichowalisha. Mwalimu akamshika mkono. "Acha. Watu wote wako hapa."

Mlinzi aliwapigia zimamoto simu. Walikuja, wakamwaga maji mengi na kwa muda mrefu, maana betri ya namna hiyo huzimika na kuwaka tena. Walipomaliza, kibajaji kilikuwa kimesimama, lakini kile kiti cha nyuma kilikuwa kimebaki nyaya tupu. Bibi alikiangalia, akamvuta Kibonge karibu, wala hakutaja kiatu tena.

Mama aliketi ukingoni mwa barabara. Chiriku akasimama mbele yake akisubiri kuchapwa kwa maneno.

"Betri kuanguka ni ajali," mama alisema. "Hata mimi ingeniponyoka. Lakini uliposema 'hapana', uliniacha niwapakie watu juu ya hatari unayoijua wewe na nisiyoijua mimi. Ufa si wa kufichwa, mwanangu. Ukiharibu kitu, sema saa ileile, hata kama unaogopa. Hasira zangu zitaisha. Hawa wangeisha kabisa." Halafu akamkumbatia kwa nguvu mpaka akaumia, wote wawili wakalia.

Siku kadhaa zilipita mama akiwa nyumbani, na fundi akikitengenezea kibajaji kiti kipya. Chiriku alikwenda mwenyewe kumweleza fundi kilichotokea, neno kwa neno. Fundi akawaazima betri nyingine.

Jioni ya kwanza mama alishika kishikio kimoja, akanyoosha kidole kwenye kingine. "Shika upande wako."

Walipofika ghorofa ya pili, Chiriku akasimama ghafla. "Mama, imegusa ukuta."

"Wapi?"

"Hapa pembeni. Kidogo tu."

Wakaiweka chini. Mama akapiga magoti, akaikagua pande zote, akapitisha kidole taratibu. Hapakuwa na kitu.

"Nzima," alisema. "Ahsante kwa kuniambia." Wakainua tena, na Kibonge akapiga honi.