Gaju Hakusikia Jina Lake

Kila asubuhi huko Kirolirwe, Kayitare alisimama kilimani akaita ng'ombe wake kwa majina. Gaju, mkaidi kuliko wote, hakukubali kukamuliwa mpaka aitwe na bwana wake.

Lakini sasa ni miezi miwili sauti ya Kayitare imebaki mkwaruzo. Akiita, Gaju anaendelea kula majani. Tena akinywa maziwa yanampalia, anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Mfugaji kupaliwa na maziwa! Aibu ikamshika, akaanza kula peke yake nyuma ya nyumba.

"Iko kilimi," alisema jirani yake Gustave. Alitaja ile nyama ndogo inayoning'inia ndani kooni. "Imekuwa murefu. Jumamosi muzee mwenye kukata atapita huku. Akate, utapona."

Kayitare akakubali. Mkewe Verdiane hakufurahi.

"Papa Alliance," akamwita kwa jina la mtoto wao, "ile kisu imekata watu ngapi?"

Kayitare alitaka kumwambia anyamaze, lakini sauti haikutoka. Verdiane akaendelea kusema.

Alhamisi walipeleka maziwa mahali pa kuyapimia. Kayitare akapewa kikombe, akapaliwa mbele ya watu wote.

"Wamemuroga," mtu akanong'ona.

Mama Emérita, muuguzi, alikuwa amekuja kununua maziwa. Akaweka chupa yake chini.

"Nani hapa sauti ilisha kumupotea zaidi ya wiki tatu? Ao nani maji inamupaliaka mara na mara? Musisikie haya."

Gustave akatazama viatu vyake. Kisha mwalimu Hubert akanyoosha mkono.

"Miye. Juu ya kupigia batoto kelele mu masomo."

"Na miye," akasema bibi mzee Nyiransabimana. "Tangu nilipooza upande moja, hata supu inanishinda."

Evode, mwimbaji wa kanisani, naye akanyoosha. Walikuwa watu kumi na wanne tu pale. Kayitare akahesabu mikono mitatu, akanyoosha wake. Moyo wake ukawa mwepesi kidogo.

"Munaona?" akasema Emérita. "Haiko uchawi. Watu wakubwa wengi wanapata hii shida, wanaficha tu. Moja ni kelele, mwengine ni kupooza. Yako, Papa Alliance, sijue bado. Na ule mwenye kisu hajue. Sauti haitoke ku kilimi, inatoka chini zaidi. Akikata, utamwaga damu, utapata na vidonda. Wende kwa munganga wa koo, aangalie."

"Na maziwa?" akauliza Kayitare kwa mkwaruzo.

"Ukae wima. Kunywa kidogo kidogo. Usiseme na kitu mu kinywa."

Jumamosi mzee wa kisu alikuta mlango umefungwa. Kayitare alikuwa njiani kwenda hospitali. Huko daktari alipitisha puani mpira mwembamba wenye taa. Ndani ya koo kuna kamba mbili ndogo zinazotoa sauti na kufunga njia ya hewa mtu akimeza. Moja ya Kayitare ilikuwa imelegea. Daktari akatafuta uvimbe, hakuuona. Akamfundisha mazoezi ya sauti na namna ya kumeza.

"Sauti inaweza kurudi," alisema. "Lakini uvumilie."

Kayitare akavumilia miezi minne. Verdiane alimhimiza kila siku, na kumcheka kidogo pia.

Asubuhi moja akasimama kilimani. "Gaju, we!" Sauti ilikuwa bado na mikwaruzo. Gaju akainua kichwa, kisha akarudia majani yake. Kayitare akaumia moyoni. Akavuta pumzi, akaita tena. Gaju akaja, polepole, kwa maringo yake ya zamani.

Siku hiyo Kayitare alikunywa maziwa mbele ya watu, wima, kidogo kidogo, bila kukohoa. Gustave akamsogelea.

"Papa Alliance," akasema chini chini, "miye pia maji inanipaliaka. Tangu Pasaka."

"Na ile siku, sababu gani hukunyoosha mukono?"

Gustave akatazama tena viatu vyake. Kayitare akamsogezea kiti.

"Ukae wima," akamwambia, na kila mtu pale akamsikia vizuri. "Kesho tutaenda kwa Mama Emérita pamoja."