Pumzi Iliyobaki Kwenye Wimbo

Siku bendi ile ilipozaliwa, nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya mdogo wangu, nachambua mchele na kuchambua watu. Vyote viwili navimudu. Mdogo wangu ni fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea kiko uani. Mchana ule binti yake alikuwa anahamisha majora ya vitambaa, anatundika mablanketi ukutani na kuegemeza magodoro dirishani ili kelele za nje zisiingie.

"Mama mkubwa," akaniita, "una soksi ndefu? Zile nyembamba za kike."

"Za nini?"

"Za kuimbia."

Nilicheka hadi mchele ukamwagika. Lakini nilikuwa nayo moja, na niliinunua kwa ajili ya nani hayo hayawahusu. Akaivuta juu ya waya wa kutundikia nguo alioupinda duara, akaifunga mbele ya maikrofoni. Kumbe inazuia upepo wa mdomo usipige kwenye maiki. Ndivyo walivyoanza, na soksi yangu.

Binti huyo tulimwita Chiriku, maana hajawahi kunyamaza tangu ajue kusema. Alikuwa na pumu. Kila alipovuta hewa, kifua chake kilitoa mluzi mwembamba, kama mlango wa kabati unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika. Mama yake alilala miaka yote akiusikiliza mluzi ule. Ukikatika, anaamka.

Wenzake walikuwa wawili. Mmoja mpiga gitaa, tuliyemwita Mkuu kwa jinsi alivyopenda kuamrisha, kijana ambaye mdomoni mwake hukosi pipi ya mnanaa. Ukikaa naye karibu macho yanakuwasha. Wa pili ni Fundi, mpole, aliyerekodi kwa kompyuta iliyopasuka kioo. Hawakuwa na kampuni wala meneja. Nyimbo alitunga Chiriku, fulana walichapa wenyewe, mabango walibandika wenyewe kwa gundi ya unga niliyowapikia mimi. Nyimbo wakaziweka mtandaoni, na watu wakazipenda. Walichopenda zaidi, msicheke, ni ile pumzi. Kabla ya kila mstari unamsikia Chiriku akivuta hewa, mluzi unapita, ndipo sauti inatoka. Msusi wangu aliniambia, "Bibi, akivuta pumzi pale, hata mimi najikuta navuta."

Halafu Chiriku akazidiwa jukwaani, wakamshusha amebebwa. Mkuu alipokuja kumwona hata hakukaa. Nilikuwepo, nimejifanya nakunja nguo.

"Hatuwezi kuendelea na wewe," akasema. "Siku ya maana utatuangukia. Tumeshapata mwingine."

"Na nyimbo zangu?"

"Ni za bendi."

Chiriku alivuta dawa kwenye kichupa chake, akaishikilia kifuani, akaitoa taratibu. "Sawa. Ila ukinitoa, nitoe yote. Usibakize changu hata kidogo."

"Tutakutoa," akasema Mkuu, akihamisha pipi kutoka shavu moja kwenda jingine.

Hawakumtoa. Fundi alinisimulia baadaye, machozi yakimtoka. Yule msichana mpya, Mrembo, sauti alikuwa nayo, lakini akivuta hewa ni kama mtu anayekunywa chai ya moto. Wakazikata pumzi zake. Wimbo ukakauka, ukawa kama unaimbwa na maiti. Ndipo Mkuu akamwamuru: rudisha pumzi za yule. Futa maneno yake, pumzi ziache. Nani atajua?

Chiriku alikufa kabla wimbo haujatoka. Pumu ilimbana mle mle chumbani, peke yake kati ya magodoro, akijifunza wimbo mpya, mama yake amekwenda kupeleka gauni la mteja. Kichupa cha dawa kilikuwa kitupu. Tulimkuta ameegemea ile soksi, mdomo wazi.

Baada ya msiba nilimsindikiza mdogo wangu dukani kununua vifungo. Redio ya duka ilikuwa inaimba. Vifungo vikamponyoka, vikatawanyika sakafuni.

"Huyo mwanangu," akasema.

"Hapana, mama," akasema mwenye duka. "Huyo ni yule mrembo wa sasa."

"Sisemi anayeimba. Anayevuta. Nyamaza usikilize. Anayevuta."

Nikasikiliza. Mluzi ukapita. Nikashika meza.

Tulimfuata Mkuu ukumbini walikokuwa wanafanya mazoezi.

"Nirudishie pumzi ya mwanangu," mdogo wangu akamwambia.

Mkuu akamkonyeza Mrembo. "Mama, pole sana na msiba. Lakini pumzi ni hewa tu. Hewa nayo ina mwenyewe?"

Mdogo wangu, mtu ambaye hata kuku hajawahi kumfokea, akamsogelea mpaka pua zikakaribia kugusana. Akanong'ona, "Haina?"

"Haina."

"Basi na yako haina."

Nyumbani nilimbana anieleze amekwenda kwa mganga gani, maana mimi nawajua wote na udhaifu wao. "Sijaenda kwa mtu," akasema. "Nimemwambia mwanangu tu."

Tangu hapo, kila mchana alijifungia chumba cha kushonea. Nami nikaweka sikio mlangoni, ningefanyaje? Cherehani ilikuwa kimya. Alikuwa anabembeleza, kama mtu anayemlisha mtoto. "Vuta, mwanangu. Vuta. Usitoe bado."

Onyesho lilikuwa alasiri, ukumbi umejaa hadi madirishani. Mdogo wangu alivaa gauni lake la msibani. Tukakaa mbele kabisa. Mrembo akapanda na gauni lake la kumeremeta, Mkuu na gitaa, Fundi pembeni na kompyuta iliyobeba muziki wote.

Spika zikavuta pumzi. Mluzi ukapita. Watu wakashangilia.

Neno halikutoka.

Spika zikavuta tena. Watu wakacheka, wakadhani ni mbwembwe. Zikavuta tena. Zilivuta tu. Hazikutoa.

Fundi akabonyeza. Akabonyeza tena. Akachomoa waya, akaunyanyua juu sote tuuone.

Spika zikavuta.

Kicheko kikafa. Nikamtazama Mkuu. Pipi ilimdondoka, ikabingirika hadi ukingo wa jukwaa. Kila spika zilipovuta, kifua chake kilibonyea. Shati liligandamana na mbavu. Mrembo akatupa maiki, akakimbia. Mkuu akafungua mdomo apige kelele. Hakuna kitu. Midomo ikawa ya bluu. Macho yakazunguka ukumbi mzima, yakamkuta mdogo wangu.

Akainama mbele, kama anayemwambia mtoto siri.

"Hewa tu, baba."

Ikaja moja ndefu. Mapazia ya ukumbi yakaelekea jukwaani. Mtandio wangu ukavutwa kutoka begani. Gitaa likaanguka, na yeye akaanguka juu yake, mwepesi, bila kishindo.

Spika hazikuvuta tena.

Daktari alisema mapafu hayakuwa na ugonjwa. Yalikuwa yamekauka na kujikunja, kama nguo iliyokamuliwa.

Siku ya tatu Fundi akatuletea kompyuta. Akatufungulia nyimbo zote kwenye kioo kile kilichopasuka. Sauti ya Mrembo ilionekana kama milima midogo, inapanda na kushuka. Kabla ya kila mstari, palipokuwa na pumzi za Chiriku, palikuwa na mstari mmoja ulionyooka. "Sijafuta mimi," akasema. "Naapa kwa mama yangu, sijagusa." Mdogo wangu akampa maji ya kunywa, akamruhusu aende. Alikuwa mtulivu, kama mtu aliyepokea mzigo wake salama.

Sasa amerudi kushona mle chumbani. Magodoro yametolewa, maikrofoni imechukuliwa. Soksi yangu tu imebaki kwenye waya wake, hataki iguswe.

Jana mchana niliingia kuazima sindano. Dirisha lilikuwa limefungwa, hakuna upepo. Soksi ilikuwa inacheza. Inaingia ndani, inatuna nje. Mluzi nikausikia, nikaujua, na wala sikuogopa. Yule ni mtoto wetu.

Kisha nikasikia mwingine.

Huyu hakuwa na mluzi. Alikuwa mzito. Alikuwa anahaha, kama mtu aliyekandamizwa chini ya maji, anayepewa hewa kidogo, kisha ananyimwa.

"Mdogo wangu," nikanong'ona. "Huyo wa pili nani?"

Alikata uzi kwa meno. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba.

"Vuta kiti, dada. Nisaidie kutunga uzi, macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."

Nilipita karibu na soksi. Mkono wangu, huu usiojua kutulia, ukaigusa. Ilikuwa na unyevu. Ilikuwa na joto.

Nimenawa kwa sabuni ya kufulia, nikasugua kwa jivu. Vidole bado vinanuka mnanaa.