Wigi Lenye Mshono wa Kushoto

Jioni ile Fundi alifunika cherehani yake mapema, akawaambia wateja anaenda kununua vifungo. Uongo mtupu. Vifungo alikuwa navyo kopo zima. Alikuwa anaenda kutafuta nywele.

Zake zilikuwa zimemuaga. Zilianza kwa kiraka kimoja nyuma ya sikio, ukubwa wa kifungo cha koti. Kikaja cha pili, cha tatu, vikaungana kama madimbwi ya mvua, mpaka kichwa kikabaki kama kiazi kilichomenywa. Daktari alimpaka dawa, akamchoma sindano za kichwani, mwisho akamwambia ukweli: zinaweza kurudi, zinaweza zisirudi, na sababu haijulikani. Daktari hakujua, lakini majirani wote walijua. Huyu alisema mapunye. Yule alisema damu mbaya, tena ya kurithi. Watu wasiojua kuku wao kalala wapi, damu ya mwenzao wanaijua!

Hilo la kurithi ndilo lililomnyima usingizi. Jumapili wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti yake, mtoto wake wa pekee, na shangazi wa kijana alishaanza kuulizia, kwa ule upole wa mtu anayetafuta ubaya: "Eti mama yake hafungui kilemba hata akiwa ndani?" Fundi aliona wazi kwamba wakikiona kile kichwa, posa itavunjika kabla chai haijapoa.

Wigi la plastiki alishajaribu. Linang'aa kama ndoo mpya, na likipata jua linawasha mtu anajikuna kama ana chawa. La nywele za mtu hasa, kwa bei ya madukani, bora ununue cherehani nyingine. Ndipo mteja mmoja akamnong'oneza: nyuma ya duka la rangi kuna mama anauza mawigi yaliyokwisha kuvaliwa, nywele za mtu kabisa, bei ya kuhurumiana.

Mdogo wake alimkataza. Huyo mdogo wake alikuwa msusi mwenye saluni yake, jina lake la utani Shoto, kwa sababu kila kitu alifanya kwa mkono wa kushoto. Utotoni walimchapa sana kwa ajili ya mkono huo. Fundi ndiye aliyemkinga. Mama yao alipofariki, Fundi ndiye aliyemlea, akamkalisha mapajani na kumfundisha kushona kwa mkono uleule waliokuwa wanauchapa.

"Usivae nywele za watu usiowajua, dada," Shoto alisema. "Nitakutengenezea mimi."

Lakini Jumapili haikuwa inamsubiri mtu. Fundi akaenda.

Ujia ulinuka rangi na mafuta ya taa. Mwisho wake palikuwa na chumba kisicho na dirisha, balbu moja, na rafu zilizopangwa vichwa vya sponji, kila kimoja na nywele zake. Havikuwa na macho, lakini Fundi alijikuta anavisalimia.

"Ingia, mama. Rudisha mlango," muuzaji alinong'ona. Alikuwa mwanamke mwembamba, hanyanyui sauti, kama mtu anayelinda mtoto aliyelala.

"Hilo la chini kabisa, mbona umelificha?"

"Hilo... limerudishwa."

"Na nani?"

"Na kila anayelichukua. Wanasema linawavuta. Wanawake nao! Wewe lichukue, nitakupunguzia mpaka ucheke."

Fundi hakuwa mtu wa kuuziwa nailoni. Akachomoa unywele mmoja, akawasha kiberiti. Plastiki huyeyuka ikawa tone. Unywele wa mtu hujikunja, ukanuka kama kwato, ukawa majivu.

Ukajikunja. Ukanuka.

Na chini ya kilemba, juu tu ya sikio, kitu kikamchoma.

Akadondosha kiberiti. Akapeleka mkono kichwani, akidhani ni mdudu. Hapakuwa na mdudu. Palikuwa na ngozi tupu, na ilikuwa ya moto.

Muuzaji alimtazama. "Na wewe?"

"Na mimi nini?"

"Basi."

Fundi akalisogeza lile wigi kwenye balbu. Nywele nyeusi, nzito. Ila upande mmoja palikuwa na mchirizi mwekundu, mwembamba kama uzi. Fundi alizaliwa na mchirizi kama huo; mama yake alikuwa akiuita kutu. "Mwanangu ameshika kutu," alikuwa akisema akimchana, wanacheka wote wawili.

Akaligeuza ndani nje.

Mtu mwingine angeona kofia ya wavu tu. Fundi alisoma mshono. Kila sindano ilikuwa imelala kinyume, kama nyasi zilizopigwa na upepo wa upande mwingine, na mwisho wa kila mstari palikuwa na mafundo mawili badala ya moja. Ni yeye aliyefundisha mafundo yale mawili. Alimfundisha mtu mmoja tu.

"Nani alikuletea hili?"

"Msusi mmoja. Alisema mwenyewe keshazikwa."

Keshazikwa.

Fundi alicheka. Kicheko kilimtoka kikavu, mpaka muuzaji akarudi nyuma. Maana hapo hapo alielewa. Msusi anayejiheshimu akimaliza kusuka hukusanya nywele zilizobaki kwenye chanuo, akazifunga kwenye karatasi, akampa mwenyewe akazichome. Shoto hakuwahi kukosea hapo. Kila mara kijikaratasi, kila mara "dada, usisahau kuchoma." Na Fundi alichoma vyote, miaka yote, bila kufungua hata kimoja. Nani anapekua karatasi aliyopewa na mdogo wake wa tumbo moja?

Kisha akakumbuka jambo jingine.

Binti yake alikuwa saluni kwa Shoto. Muda huo huo. Anasukwa kwa ajili ya Jumapili.

Hakuaga. Alitoka na wigi mkononi, muuzaji hata hakulidai.

Saluni ilikuwa imefungwa pazia, taa zinawaka. Siku nyingine saa hizo wateja hugombania benchi. Leo hapakuwa na mtu, ila binti yake, amekaa chini katikati ya magoti ya mama yake mdogo, kichwa kimeinama, amesinzia. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa. Juu ya rafu, chini ya kioo, kijikaratasi kilikuwa tayari kimekunjwa.

Fundi alikichukua. Akakifungua.

Nyuzi nyeusi. Vipande vya nyuzi, mabaki ya chini ya cherehani yake mwenyewe, ambayo Shoto alikuwa akijitolea kumfagilia. Fundi alikuwa akimsifia kwa wateja: mdogo wangu hana uvivu.

"Za mtoto ziko wapi?"

"Dada... punguza sauti."

"Nakuuliza, ziko wapi?"

"Punguza sauti. Yupo."

Shoto alitupia jicho kiti cha pembeni, kile chenye bakuli la kukaushia nywele. Kilikuwa kitupu. Lakini mto wake ulikuwa umebonyea katikati, kama mto uliokaliwa na mtu mzito. Na palinuka... nywele mbichi, zilizoloana, zilizokaa muda mrefu mahali pasipo hewa.

Fundi alitazama kwenye kioo. Kwenye kioo pia kiti kilikuwa kitupu.

Mto ukanyanyuka kidogo. Ukabonyea tena. Kama mtu aliyejisogeza apate kusikia vizuri.

"Saluni ilikuwa inakufa," Shoto alinong'ona, machozi yanamtiririka na mkono wa kushoto bado unasuka, hausimami. "Akaja jioni, amejifunika gubigubi. Akasema atanijazia viti. Na akanijazia, dada, si uliona? Ila kila mwaka anataka kichwa kimoja. Cha damu yangu. Niokote nywele zake, nizishone wigi, niliuze; kichwa kinakuwa chake."

"Ukatoa changu."

"Nilijua wewe utavumilia. Wewe huna makuu. Wewe ni wa kushona tu, nani anakutazama kichwa?"

Mtu anaweza kuibiwa akasamehe. Lakini kuchaguliwa uibiwe kwa sababu wewe ni wa kusamehe... Fundi alihisi kitu kinakatika ndani yake, polepole, uzi mmoja baada ya mwingine.

"Na huyu?"

Mkono ulizidi kusuka.

"Shoto, na huyu?"

"Mwaka umeisha, dada."

Fundi akamshika binti yake kwapani, akamnyanyua kama gunia. Binti akazinduka, analia kwamba kichwa kinamuuma, kwamba nusu haijasukwa, kwamba wakwe watamcheka. "Watacheka, na wewe bado utakuwa na nywele za kuchana," mama yake alimjibu. Lile wigi akamtupia Shoto mapajani.

"Shika. Mwenyewe keshazikwa."

"Dada, ukimtoa huyu, atachukua..."

"Nimekusikia. Cha damu yako."

Akafunga mlango.

Usiku ule alimfumua binti yake msuko wote, akamchana mwenyewe. Jumapili wakwe walifika, wamejipanga kwenye makochi, shangazi wa kijana mbele kabisa, macho hayatoki kwenye kilemba. Fundi aliweka sinia la chai mezani. Kisha akafungua kilemba, akakikunja, akakiweka pembeni.

"Ndiyo hiki," akasema. "Kitazameni mshibe, halafu tuongee ya watoto."

Kijiko kikagonga kikombe. Shangazi akafungua mdomo, lakini mama wa kijana akamuwahi.

"Mama mkwe mwenzangu, mimi meno yangu ya juu yote ni ya dukani. Nikipiga chafya hapa, msishangae."

Wakacheka. Hata shangazi, ingawa aliona uchungu. Posa ikakaa sawa kwa kicheko hicho, na Fundi alikuwa anamimina chai ya pili mlango ulipogongwa.

"Dada..."

Sauti ndogo.

"Dada, nifungulie. Anakuja."

Binti alisimama. "Mama, si mama mdogo yule?"

"Kaa. Wape wageni sukari."

"Dada... jamani..."

"Kuna mtu mlangoni," alisema shangazi.

"Ni mbuzi wa jirani. Ana mazoea mabaya."

Akamimina chai. Mlango ukagongwa tena, chini zaidi, usawa wa kitasa. Tena, usawa wa goti. Kisha haukugongwa, ulikwaruzwa, chini kabisa karibu na kizingiti, kwa kucha. Wageni wakatega masikio. Fundi aliwauliza harusi wanataka iwe ya mchana au ya jioni.

Kukwaruza kukakoma.

Wageni walitoka kwa mlango wa uani, maana ndiko walikoegesha gari. Walipokwisha kwenda, Fundi alifungua wa mbele. Hapakuwa na mtu. Kizingitini palikuwa na nywele. Kichwa kizima cha nywele, nyeusi, zimerundikana kama paka aliyelala. Alipoinama kuzigusa zilikuwa na joto.

Alimwambia binti aingie ndani. Akazizoa zote kwenye aproni, akatoka nazo kuelekea duka la rangi.

Shoto hakuonekana tena. Saluni ilikutwa wazi, taa zinawaka, viti vyote vitupu, mito yote imenyanyuka. Wengine walisema alikimbia madeni. Wengine walisema mwanaume. Fundi hakubisha lolote.

Kabla mwezi haujaisha, kichwa chake kilianza kuota. Kwanza ukungu, kisha vinywele, kisha nywele kweli, nyororo kuliko alizowahi kuwa nazo. Daktari alimpiga picha, akasema hutokea. Majirani walimpongeza. Wakauliza dawa.

Binti ndiye pekee aliyeuliza lile jingine, siku moja, amesimama nyuma ya cherehani.

"Mama... zile za mlangoni ulizipeleka wapi?"

Fundi alikata uzi kwa meno. Hakugeuka.

"Zako unazipenda?"

"Nazipenda."

"Basi nipe huo mkasi, uende ukafagie."