Namba ya Mwezi wa Saba

Sefu ya wachimbaji wadogo wa Bugarama ilikutwa wazi alfajiri ya Julai mosi. Mlango haukuvunjwa, alama za vidole zilikuwa zimefutwa, na dhahabu ya kikundi kizima haikuwemo. Polisi wa zamu, kwa pupa yao, wakamtia mbaroni Bujiku, mlinzi mwenye mguu mbovu, kwa kuwa ndiye aliyekesha pale.

Inspekta Nyamizi hakuridhika. Kitasa cha umeme kilitunza kumbukumbu: namba ilibonyezwa mara moja tu, ikakubali.

"Nani aliijua?" alimuuliza mwenyekiti, Mzee Abdulhalim, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka msibani Masumbwe.

"Mimi na Mungu. Niliibadili jana, nikiwa peke yangu."

"Kwa kubahatisha?"

"Wapi!" Mzee akachangamka. "Asili yake ni 142857. Namba ya maajabu hiyo, mama. Izidishe kwa mbili, kwa tatu, hadi sita: tarakimu zilezile, mfuatano uleule, ila zinaanzia pengine. Nimeanza mwaka huu: Januari mara moja, Februari mara mbili..."

"Na Julai mara saba?"

"Hapo ngoma inageuka. Tisa tupu, zote sita."

Basi mwizi hakuichungulia namba hiyo, maana ilikuwa haijafungua sefu hata siku moja. Aliikokotoa. Bujiku mwenyewe husema wazi kwamba kuzidisha kulimshinda shuleni.

Karani wa kikundi, Eliya, kijana wa hesabu aliyekuwapo kila sefu ilipofunguliwa, aliitwa.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Namba za sefu unazijua?"

"Hata moja."

Nyamizi aliandika 142857 kwenye karatasi. "Zidisha kwa tano."

"714285." Kalamu hakuigusa.

"Kwa sita?"

"857142."

"Kwa saba?"

Eliya akaisukuma karatasi kando.

"Bujiku yuko mahabusu, Eliya."

Hapo akaangua kilio. "Nimemtazama Mzee akifungua kila mwezi, nikaung'amua mpango wake. Usiku Bujiku alipozunguka nyuma, nikaingia. Dhahabu iko kwangu, nzima, kwenye debe la unga. Shimo lilipotuporomokea mwaka jana, Bujiku ndiye aliyenichomoa. Jiwe likamvunja mguu. Kikundi kimekataa kumpeleka kupasuliwa. Nilitaka atibiwe, afande, na leo wanamkamata yeye, nami nikashindwa kufumbua kinywa!"

Dhahabu ilipatikana. Bujiku akaachiwa, akaja akichechemea.

"Wabeja sana, mama," alimshukuru Nyamizi kwa Kisukuma, mikono miwili.

Wapo waliosema pale nje kwamba shukrani ya punda ni mateke. Nyamizi hakuwa miongoni mwao. Mzee Abdulhalim aliinamisha kichwa. "Mguu huo tutautibu," alisema. "Tulichelewa sisi."

Bujiku alisimama mbele ya Eliya, akamshika mikono juu ya pingu.

"Nisamehe, baba. Nilitaka kukushukuru," alisema Eliya.

"Ulishanishukuru, mwanangu. Siku ile nilipokutoa, ukapumua."